Ufunguo wa Kamio la Baba Mkwe

Baba mkwe wangu ana kamio kuukuu, lori lenye pua ndefu kama ya mamba na taa mbili zilizotumbua macho, na kuna wakati hapakuwa na kitu duniani nilichokitamani kuliko ufunguo wake. Nikisema duniani nahesabu na vilivyomo chini ya maji. Ufunguo wenyewe ulikuwa mdogo, umeliwa na kutu, ungefaa zaidi kufungulia kopo la sardini. Lakini ulining'inia kifuani pa mzee kwenye kamba moja na filimbi yake ya reli, na kila alipopumua vitu hivyo viwili viligongana, kli, kli, nami moyo wangu ukagonga pamoja navyo.

Mzee alifanya kazi ya treni maisha yake yote. Yeye ndiye aliyekuwa akipuliza filimbi ili treni iondoke stesheni ya Kamina, na nadhani mpaka leo anaamini kwamba kitu chenye magurudumu hakiwezi kwenda bila kupulizwa. Alipostaafu alirudisha kofia, akarudisha bendera, filimbi akaisahau mfukoni, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha. Hata baiskeli haitoki kwenye ua ule kabla hajaipa ruhusa.

Kamio lilikuwa likienda Kinkondja, ziwani, kuleta samaki wakavu. Mimi kazi yangu ni kutengeneza pikipiki za taksi karibu na soko, na mtu anayeshinda amechuchumaa mbele ya pikipiki mwaka mzima ana haki ya kutamani kukaa juu siku moja. Nilishaliona jambo zima kichwani: kiwiko dirishani, honi inalia, wachuuzi wote wa Kinkondja wanasimama, mitumbwi inageuka, na mtu anauliza, "Ni nani huyo?" Wanamjibu, "Ni mkwe mkubwa." Samaki wenyewe wananitazama kwa heshima.

Ningeupata ufunguo ule bila shida kama si mwanyumba wangu. Mimi nimeoa binti mkubwa wa nyumba ile, yeye ameoa mdogo wake. Alitokea Lubumbashi na sanduku la spana zinazong'aa kama vijiko vya harusi, na ovaroli ya buluu yenye mifuko hata mahali ambapo mtu hana mwili wa kutosha. Kila mfuko una zipu. Kila zipu inafanya kazi. Ananukia sabuni. Anaingia chini ya injini asubuhi na kutoka mchana kola ikiwa bado nyeupe, wakati mimi nikipita tu karibu na gereji grisi inaruka yenyewe kuja kunikumbatia. Na hasemi sana. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, maana mzee alikuwa akimtazama yeye akiwa amenyamaza, kisha ananitazama mimi nikizungumza, kisha anarudi kumtazama yeye.

Mimi nina cheti. Nilisomea ufundi wa magari katika shule ya jioni, nikitoka kazini na tumbo tupu, katika darasa lenye balbu moja iliyokuwa ikizimika kila mwalimu alipofika penye maana. Nusu ya injini niliisomea gizani, na ndiyo sababu naijua kwa vidole. Cheti kiko ukutani kwangu, ndani ya fremu kubwa kuliko dirisha. Mwanyumba alijifunza mchana, katika gereji ya watu, bila cheti, na hakuna aliyewahi kumwuliza kiko wapi.

Basi injini ilianza kula mafuta na kutoa moshi uliowafanya watu wa stesheni wadhani treni imepotea njia. Mzee akaamua ifunguliwe yote kabla ya mvua. Kule Kinkondja dada yake mama mkwe alikuwa amejaza nyumba samaki, analala na samaki, anaamka na samaki, na mvua zikianza barabara ile inageuka uji. Mzee alitugawia kazi: chini kwangu, juu kwa mwanyumba. Kwangu pistoni, ringi, na kila kinachozunguka bila kuonekana. Kwake kichwa cha injini, valvu, na pampu ya mazutu, haya mafuta ya dizeli ambayo kamio linayanywa.

Nilijaribu kuridhika. Lakini ukifungua boneti unaona nini? Unaona juu. Majirani walikuja, wakachungulia, wakatikisa vichwa.

"Eh, huyu wa Lubumbashi! Kazi safi kabisa!"

Pistoni zangu zilikuwa zimelala mle ndani kama wafalme, na hakuna aliyezisalimia.

Jumapili moja, tukiwa mezani, mzee alishika firigisi ya kuku kwa vidole viwili. Katika nyumba ile firigisi haiwekwi ovyo sahanini. Mzee huitoa kwa mkono wake, na anayepewa ni mwanamume aliyestahili heshima siku hiyo. Aliizungusha hewani, ikapita mbele yangu, ikapita mbele ya mwanyumba, kisha akaila mwenyewe, polepole, akitutazama.

"Bon," akasema alipomeza, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiyo" ni "njo". "Yule mwenye atawasha ile kamio, njo atakamata ufunguo. Njo ataenda nayo Kinkondja. Na firigisi ya ile siku iko yake. Nimesema."

Alikuwa amesema. Tangu hapo sikulala vizuri. Mke wangu anadai kwamba usingizini nilikuwa nikipiga honi.

Sasa lazima nimwingize mama mkwe, na nimwingize kwa adabu, kwa sababu kwetu Waluba mkwe na mama mkwe hawazoeani. Tunaita buko. Simtazami usoni, sili mbele yake, na nikiwa na neno kwake linapitia kwa mke wangu, jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo. Kitu chake sikigusi. Kitambaa chake kikianguka njiani nitakizunguka kama ninavyozunguka nyoka aliyelala. Mwanyumba naye anashika hayo hayo ingawa amekulia mjini. Alijifunza upesi, na hilo pia lilinikera.

Tangu kamio lilale uani, mama alikuwa ameifanya kabini kuwa sebule yake. Kuna kivuli, kuna kiti laini, na kupitia kioo kile kipana unaona barabara yote mpaka kwenye reli, nani anakwenda wapi na amepanda pikipiki ya nani. Humo alimenya karanga, humo alifanyia mazoezi sauti yake ya kwaya. Sisi tukija kazini tulikuwa tukikohoa kwenye kona ya nyumba, naye anashuka kwa upande wa pili na kuingia jikoni, ndipo tunakaribia. Mfuko wake aliuacha mle mle, umening'inia chini ya dashibodi. Ulikuwa mfuko wa kitenge wenye Biblia, kitabu cha nyimbo, karanga, na kwa maoni ya wajukuu, jiwe la kusagia na robo ya ukuta wa kanisa. Sisi wakwe wawili tulifanya kazi kando ya mfuko ule wiki nzima kana kwamba mahali pale hapakuwa na kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Batri za kamio zilikuwa zimekufa zamani, kwa hiyo mzee aliazima batri za kwaya, zile zinazoendesha kinanda na vipaza sauti, kwa ahadi kwamba zitarudi kanisani kabla ya mazoezi ya mchana. Majirani walileta viti vyao wenyewe. Jikoni jogoo alikuwa ameshaingia chunguni, na harufu yake ilikuja mpaka kwenye boneti kutuambia kwamba firigisi iko njiani.

"Mukwe mukubwa njo anaanza," mzee akasema.

Nilipanda kabini kama mtu anayepanda ndege yake mwenyewe. Mzee akafungua fundo la kamba, akanipa ufunguo, nao ulikuwa bado na joto la kifua chake. Akaenda kusimama mbele ya kamio. Boneti ilikuwa wazi, kwa hiyo sikumwona, nilisikia tu filimbi. Priii! Nikageuza.

Ngwe-ngwe-ngwe-ngwe. Injini ilizunguka kwa nguvu, ikatikisa viti vya majirani, ikazunguka, ikazunguka. Haikuwaka.

Nilitoa kichwa dirishani. "Munasikia vile inazunguka? Ile iko kazi ya chini! Ile iko pistoni zangu!"

"Kuzunguka haiko kuwaka, bofrere," mwanyumba akasema taratibu, akiniita shemeji kwa Kifaransa chake cha mjini, akifuta kidole ambacho hakikuwa na uchafu.

Zamu yake. Alipanda, akaketi, akavuta suruali yake magotini ili isikunjike. Priii! Ngwe-ngwe-ngwe. Kimya. Sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile. Samaki wangeweza kuoza wote kule Kinkondja, ziwa lingeweza kukauka, mimi nilikuwa nimesimama pale nimejaa asali.

"Ni ya juu," nikamwambia mzee, nikijaribu kutoa sauti ya huzuni. "Chini inazunguka. Kama haiwaki, shida iko juu."

"Juu iko sawa," mwanyumba akasema. "Mazutu haifike. Nani alifunga mipira ya mazutu ya tanki?"

Mipira ile nilifunga mimi. Uso wangu ukapata moto.

"Unataka kusema nini?"

"Nauliza tu, bofrere."

"Muulizaji gani anayejua jibu?"

"Batoto!" mzee akasema, na filimbi ikatoa mlio mdogo wa hasira kwa sababu ilikuwa bado mdomoni. "Batri ni ya Mungu. Mutafute, musigombane."

Tukatafuta. Kila mmoja alitafuta kosa la mwenzake, na nasema wazi kwamba hakuna darubini yenye nguvu kama jicho la mtu mwenye wivu. Kwanza niliweka mkono wangu nyuma ya bomba la moshi wakati mwanyumba akizungusha injini. Hakuna moshi, hata mweupe. Injini ikipata mazutu na kushindwa kuyachoma, inatoa moshi mweupe wenye harufu. Hii haikutoa kitu, pumzi tu ya baridi. Maana yake mazutu hayakuwa yanafika ndani.

"Si nilisema," mwanyumba akasema.

Nikalegeza nati pale mazutu yanapoingilia kwenye pampu, na kusukuma kwa ile pampu ndogo ya mkono. Mazutu yakaruka, safi, bila povu hata moja, yakanilowesha mpaka shingoni. Ningeweza kubusu mipira yangu. Hewa ikiingia kwenye mipira unaona povu. Hapa palikuwa safi kama chemchemi.

"Inafika!" nikapaza sauti mpaka nadhani walinisikia Lubumbashi. "Muje muone! Ya kwangu inafika mpaka mu mulango wa pampu!"

Majirani wakaja kuona. Kwa mara ya kwanza wiki ile watu waliangalia kazi yangu. Kisha nikalegeza nati upande wa pili, pale mazutu yanapotoka kwenye pampu kwenda juu ya injini, nikamwomba azungushe. Ngwe-ngwe-ngwe. Pakavu. Hata tone.

Basi pampu ilikuwa ikipokea na haitoi. Na pampu ilifungwa na nani? Niligeuka polepole, nikamtazama mwanyumba kwa upole mkubwa, upole ambao mtu humpa mgonjwa.

"Pampu niliipima," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ilikuwa inatoa."

"Labda Lubumbashi ilikuwa inatoa. Hapa Kamina imegoma."

Majirani wakacheka. Mzee hakucheka. Alitazama jua, akatazama batri za kwaya, akasema injini sasa inazunguka kwa uzito, na ni kweli, ile ngwe-ngwe ilikuwa imeanza kuwa ngweee, ngweee, kama mtu anayepanda kilima na gunia. Mwanyumba akasema ataifungua pampu yote, lakini kwanza akaenda kunawa. Mtu huyu akipata taabu ananawa. Mke wake akamshikia kata, akimmwagia maji polepole mikononi, na mimi nikafikiria jinsi mke wangu mwenyewe alivyokuwa sokoni akiuza, akiwa ameniacha bila hata mtu wa kunimwagia maji siku ya ushindi wangu.

Nikakaza nati zote mbili, nikabaki peke yangu na pampu. Niliikagua kwa vidole, kana kwamba balbu ya darasani imezimika. Ubavuni kuna kijiti cha chuma, kama ulimi. Kikilala mbele, pampu inatoa mazutu. Kikilala nyuma, inafunga. Na kilikuwa kimelala nyuma.

Ndugu zangu, nilicheka peke yangu. Amekifunga kinyume! Mtu wa zipu kumi na mbili amefunga ulimi wa pampu kinyume! Nikausukuma mbele kwa kidole, ukakataa. Kulikuwa na waya unaouvuta. Nikaufuata waya huo kwa kidole, kwa raha, nikipanga maneno nitakayosema mbele ya watu. Ulipita chini ya kichujio, ukapenya ukuta wa injini, ukaingia kabini. Nikapanda kwenye ngazi ya mlango, nikainama, nikatazama chini ya dashibodi unapotokea.

Ulitokea juu ya mfuko wa mama mkwe.

Injini hizi za zamani hazizimwi kwa ufunguo. Ufunguo unawasha tu. Kuzima, unavuta kishikio chenye waya, waya unauvuta ulimi wa pampu, mazutu yanakatika, injini inanyamaza. Ukiachia, kinarudi chenyewe. Kishikio cha kamio letu kilikuwa kimelegea kutoka mahali pake na kuning'inia kama ndoano, na ndoano nzuri namna ile mtu mwenye mfuko hawezi kuipita. Biblia, kitabu cha nyimbo, karanga na robo ya kanisa vilikuwa vimekivuta wiki nzima. Sisi mafundi wawili tulikuwa tumepanda na kushuka kando yake, na kwa kuwa kilikuwa kimefunikwa na kitu cha mama mkwe, macho yetu yalifika pale na kurudi kwa adabu.

Nilikuwa nimeugundua ugonjwa wa kamio. Mimi! Lakini dawa yake nilikuwa sina ruhusa ya kuigusa. Nilifikiria fimbo. Nilifikiria waya wenye kulabu. Nilifikiria upepo. Kugusa kwa fimbo bado ni kugusa. Na kusema kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, kwamba kamio limegomeshwa na mfuko wa mama, hilo mkwe hasemi hata akiwa na homa.

Nikajificha nyuma ya tanki, nikampigia mke wangu simu.

"Kuya nyumbani sasa hivi."

"Minyi niko nauzisha. Kuna nini?"

"Ile mufuko ya mama yako," nikanong'ona, "iko inavuta kishikio cha kuzimisha. Njo maana kamio haiwaki. Kuya uitoe."

Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Nikawasikia wachuuzi wenzake wakimwuliza kuna nini.

"Lakini mudogo yangu iko pale pale," akasema. "Umuambie aitoe."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Yee akiitoa, bwana yake njo ataingia kuwasha. Firigisi itaenda kule. Kuya weye."

"Kwa hiyo samaki ya mama ioze, kwaya ikose batri, juu ya firigisi?"

"Haiko firigisi tu!"

"Basi ukae na wivu yako, papa. Mukikaa sawa mutaniita. Nina watu hapa." Akakata.

Nilipotoka nyuma ya tanki, mwanyumba alikuwa ameshanawa na kukauka, na alikuwa ameshapanda kabini.

"Najaribu mara ya mwisho," akamwambia mzee. "Ikikataa, nafungua pampu."

"Ngojea!" nikasema. "Sasa iko zamu yangu, minyi."

"Mwache," mzee akasema. "Jua linaenda."

Nikasimama karibu na mlango, nikamwona ameketi. Goti lake la kulia lilikuwa karibu na mfuko. Akalisogeza, kidogo tu, lisiuguse. Mtu wa mjini, na adabu kiasi kile! Nilitamani awe mtovu wa adabu hata mara moja maishani mwake, lakini asiwe leo, kwa sababu leo utovu wa adabu ungempa kamio.

Mzee akaingia nyuma ya boneti, filimbi mdomoni. Na hapo mama mkwe akatoka jikoni.

Alikuwa amevaa sare ya kwaya, amefunga kilemba, na alikuwa anatembea moja kwa moja kuelekea kwenye kamio, maana mazoezi yalikaribia na kitabu chake cha nyimbo kilikuwa mfukoni. Hakukohoa. Yeye si wa kukohoa, wa kukohoa ni sisi. Mimi niliruka nyuma mpaka kwenye ukuta wa choo. Mwanyumba alimwona kupitia kioo, akafungua mlango wa upande wa pili na kudondoka nje kama gunia la mahindi, zipu zote zikilia. Ufunguo akauacha pale pale.

Mama akapanda upande wa dereva, akaketi mahali pake pa siku zote, akanyanyua mfuko, akauweka mapajani. Nilisikia kishikio kikirudi, tak.

Mzee, nyuma ya boneti, hakuona lolote. Alijua tu kwamba kuna mtu kabini na kwamba jua linaenda. Akapuliza. Priii!

Mama amekuwa mke wa mtu wa treni maisha yake yote. Ameisikia filimbi ile asubuhi, mchana na usiku, na anajua ikilia kitu lazima kiondoke. Akatazama huku na huku, akaona hakuna mwingine ndani. Akanyoosha mkono, akageuza.

Ngweee. Ngweee. Kisha kamio likakohoa wingu jeusi lililofunika viti, majirani, kuku na nguo za kwa jirani, na injini ikawaka. Iliwaka sauti moja, nzito, tamu, bila kugonga, pistoni zangu chini zikiimba na valvu zake juu zikijibu, na hata katika wivu wangu nilijua kwamba hakuna injini iliyowahi kuwaka hivyo tangu injini zianze. Dunia nzima ilipiga makofi.

Mzee akashusha boneti, machozi machoni, mikono imefunguliwa kumkumbatia mkwe wake. Akamwona mkewe, mkono kwenye ufunguo, mfuko mapajani, amekunja uso kwa sababu ya kelele.

Akaitoa filimbi mdomoni. Akamgeukia mwanyumba.

"Weye ulikuwa wapi?"

"Nilishuka, papa. Mama alipanda."

"Na weye?" akaniuliza mimi.

"Minyi nilishaijua shida yake!" Ilinitoka yenyewe. "Niliijua tangu zamani, papa, kabla hajapanda mtu!"

"Shida ilikuwa nini?"

Mtaa mzima ukanitazama. Juu kule mama naye akawa amegeuka, mfuko ameukumbatia kwa mikono miwili. Nikatazama chini.

"Hewa," nikasema. "Ilikuwa... hewa kidogo, papa."

"Ndiyo, hewa," mwanyumba akasema upesi. "Hewa tu."

Nikamtazama. Macho yake yalipita kwenye mfuko haraka kama mjusi, yakarudi chini. Alijua. Sijui alijua tangu lini, kama ni pale goti lake lilipokuwa kando ya mfuko, au asubuhi, au kabla yangu. Hata ugonjwa nilioupata kwa vidole vyangu haukuwa wangu peke yangu. Mpaka leo sijamwuliza, kwa sababu naogopa atajibu kwa upole.

Mzee akasema, "Nilisema, yule mwenye atawasha." Mtu wa reli hasemi mara mbili. Firigisi ilipelekwa jikoni juu ya sahani iliyofunikwa, mke wa mwanyumba akaibeba, na tuliambiwa kwamba mama aliila akiwa amesimama kwa sababu alikuwa amechelewa kwaya. Batri zilirudi kanisani zikiwa zimejaa kuliko zilivyokuja, maana injini ilipowaka ilizichaji. Ufunguo ukaingia kwenye mfuko wa kitenge, na kuutoa humo ni kazi ya mwenye mfuko.

Na samaki? Walikuja kabla ya mvua, kwa batri zile zile za kwaya, zilizoazimwa tena. Mzee mwenyewe alishika usukani, mama ameketi kando yake na ufunguo. Mkwe hawezi kukaa bega kwa bega na mama mkwe, hivyo sisi wawili tulikaa nyuma, juu ya magunia, tukitazamana, vumbi jekundu likitupaka sawa. Lilikuwa jambo la pekee lililonipa faraja, kuona ile kola ikibadilika rangi. Tulipofika Kinkondja, mtu aliuliza, "Ni nani hao?" Nikasikia mwingine akijibu, "Ni mizigo ya mama."

Baadaye niliona si vizuri kishikio kiendelee kubeba mzigo kila kamio linapolala uani. Nikatengeneza kulabu ya chuma, nikaichomelea ndani ya kabini, upande wa kulia, mbali na waya. Ni kulabu ambayo unaweza kutundikia tembo. Nikamwomba mke wangu amwambie mama kwamba mkwe mkubwa amemfanyia mahali pa mfuko. Jibu likarudi: ameshukuru sana. Nilitembea siku mbili kama gavana.

Siku ya tatu mwanyumba alirudi kutoka Lubumbashi na kulabu ya dukani, inang'aa, ina skrubu zake na hata kimpira cha kuzuia kitenge kisichakae. Akaifunga upande wa kushoto.

Sasa kila asubuhi, kabla sijaenda kwenye pikipiki zangu, napitia uani kwa mzee. Nakohoa kwenye kona. Nasubiri mama ashuke na kuingia jikoni. Kisha nanyoosha shingo, kwa mbali, kwa heshima, natazama kupitia kioo mfuko umetundikwa upande gani. Jana ulikuwa kulia. Leo ulikuwa kushoto.